Mwoga Aliyetusalisha

Alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nalo. Aliogopa mbwa. Aliogopa askari, hata wale wa kizuizi cha barabarani wanaotaka tu kuona kitambulisho. Radi ikipiga aliingia chini ya kitanda na kumwita mkewe aingie pia. Aliishi pwani, lakini sikumwona hata siku moja akipanda mtumbwi kwa hiari yake. Tulipomcheka hakukasirika. Alisema, "Ndiyo hivyo. Mungu alikuwa anatafuta mtu wa kumpa kazi, akakuta mashujaa wote wana shughuli zao."

Kazi yenyewe ilikuwa kutusalisha. Sisi Wakristo tulikuwa wachache katika kijiji kile kilichopo kwenye barabara ya kwenda Namoto, kwenye kivuko cha mto wa mpakani, na padre alitufikia mara chache sana, barabara ikiwa kavu na gari lake likiwa zima. Jumapili nyingine zote aliongoza mtu wa hapohapo, aliyechaguliwa na wenzake. Kireno kinamwita animador, sisi tukamwita Animadori. Yeye ndiye aliyesoma Injili, aliyezika, aliyekwenda kwa wagonjwa, aliyepatanisha mume na mke. Na ndiye aliyeshika ufunguo wa kapela, jengo la miti na udongo lenye bati juu na kufuli kubwa mlangoni, ingawa ndani hapakuwa na cha kuibwa zaidi ya mikeka na ngoma mbili.

Namna alivyosali siwezi kuisahau. Alifungua viganja vyake na kuviweka magotini, vikitazama juu, kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Maneno yake ya mwanzo yalikuwa yaleyale kila siku: "Bwana, nipo. Naogopa, lakini nipo. Fanya unavyotaka." Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la tisa kwenye shule ya wamisionari huko juu Mueda, na maneno hayo yalinikera. Niliona ni aibu kiongozi kutangaza woga wake mbele ya watoto. Siku moja nikamwambia hivyo.

"Ungependa nimwambie siogopi?" akaniuliza.

"Ungenyamaza tu."

"Yeye anaona magoti yangu, ndugu yangu. Nikinyamaza, magoti yatasema."

Jirani yake wa ua mmoja alikuwa muadhini wa msikiti wa pale kijijini, mtu mrefu mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Wake zao walipika kwenye jiko moja, kibanda cha makuti kilichokuwa katikati ya nyumba zao. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mwezi wa Ramadhani ukiingia, Animadori aliacha kuigonga asubuhi. Alizunguka nyumba kwa nyumba akibisha hodi kwa kila Mkristo. Muadhini alimfanyia mzaha.

"We mzee, gonga chuma chako! Sisi tumeamka tangu daku."

"Wapo wanaolala baada ya daku."

"Ni mimi tu ninayelala baada ya daku."

"Basi nakuzungukia wewe."

Msidhani ninachora malaika. Unyenyekevu wake wote ulikomea kwenye kuimba. Hapo alikuwa na kiburi kuliko gavana. Aliamini hakuna sauti kama yake kuanzia Mocímboa hadi mtoni, na kwa kweli haikuwapo, maana ilikuwa inakwaruza kama bati linaloburutwa. Wanakwaya walipoanza kwa utaratibu, yeye aliwapanda juu na kuwavuruga wote, macho yamefumbwa kwa raha. Mtu akimgusia, alinuna hadi jioni.

Na tabia yake ya kuomba msamaha ilikuwa usumbufu. Aliomba kupita kiasi. Siku moja alimfuata mama mmoja kisimani, akamwambia, "Mama, nisamehe, juzi nilikufikiria vibaya." Yule mama alikuwa hajui lolote. Akatua ndoo. "Ulinifikiria nini?" Animadori akasita. "Sema, ulinifikiria nini?" Ugomvi ukaanzia hapo, ukachukua wiki mbili kuutuliza, na ikabidi watafute mtu mwingine wa kuwapatanisha, kwa sababu mpatanishi wetu ndiye aliyekuwa mshitakiwa.

Lakini lililomtofautisha na viongozi wote niliowahi kuwaona, wa dini na wa serikali, ni jambo alilolianzisha yeye mwenyewe bila kuagizwa na padre. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, baada ya kupakwa majivu, aliuweka ufunguo wa kapela juu ya mkeka katikati yetu. Akasema, "Zungumzeni." Kisha akatoka nje, akaenda kukaa kwenye kile kibanda cha jiko, mbali kiasi cha kutosikia. Tulitakiwa tuamue kama aendelee au la. Wakati wote ule tuliamua kabla hajafika jikoni, lakini tulikaa kidogo kwa heshima, tukipiga soga, kisha mtu mmoja akatumwa kumwita. Alimkuta analowa jasho. Haikuwa mchezo kwake. Muadhini alikaa naye huko akimchokoza: "Leo wanakufukuza. Wakikufukuza njoo kwetu, tunatafuta mtu wa kufagia ua."

Swali lake kwa aliyetumwa lilikuwa moja tu: "Wamenifukuza?"

Nilimwuliza kwa nini anajitesa vile. Alisema kitu ukikishika bila kukiachia hata siku moja, mwishoni unasahau nani alikupa. Nilikiona ni kijineno cha kizee. Mimi wakati ule nilikuwa karani kwenye posto, ofisi ya utawala ya serikali, watu waliniita Sekretario, na sikuwahi kuachia kitu.

Kisha gesi ikaonekana baharini. Kwanza tuliona meli ambazo hazikuwa za kuvua wala za mizigo, zimesimama tu upeoni kama majengo. Baadaye zikaja ndege ndogo, magari meupe, watu wenye viatu virefu wakipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kwenye mashamba. Baadaye wakaja wafanyakazi na watumishi kutoka Maputo, Beira na Nampula, na wengi wao walikuwa Wakristo. Kapela yetu ikajaa hadi nje. Walikuwa watu wazuri, lakini walitaka Kireno, walitaka ibada ianze kwa saa, na mzee wetu Kireno chake kilikuwa cha kusalimia tu. Wageni wakaanza kuja kwangu baada ya sala. "Sinyori Sekretario, wewe ndiye ungefaa." Kila aliponiambia mmoja, nilikataa kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Jumatano ya Majivu iliyofuata aliuweka ufunguo mkekani kama kawaida, akatoka. Watu wakaanza soga. Mimi nikasimama.

Nilisema kwa upole sana. Nilisema mzee amechoka, tusimtese, tumpumzishe kwa heshima. Nilisema kanisa limekua. Wenyeji waliinamisha vichwa, na wageni wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyepinga, kwa sababu mimi ndiye niliyewaandikia barua zao kwenye posto na kila mtu alikuwa ananihitaji. Nikainama nikauchukua ufunguo, nikaenda mwenyewe jikoni kumpa habari.

"Wamenifukuza?" akauliza, jasho linamtiririka juu ya majivu.

"Hawajakufukuza, baba. Wamekupumzisha."

Muadhini alicheka kwa pua. "Kireno cha kufukuza hicho."

Animadori hakumsikiliza. Alinitazama. "Nani atashika?"

"Mimi. Kwa sasa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa manung'uniko. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu akushike. Hiyo kazi inatisha." Nilidhani anazungumzia maiti na wagonjwa. Nikamwahidi kwamba nitamudu.

Jumapili ile alikuja mapema akafagia, kisha akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akaendelea hivyo. Hakuniharibia kwa maneno, hakuunda kikundi. Mtu akimwendea kwa shauri, alimleta kwangu. Aliendelea kuimba vibaya, kutokea nyuma, na niliposoma Injili kwa Kireno safi nilimwona ameviweka viganja vyake magotini. Ilinikasirisha. Mtu unayemshusha hutaka alie kidogo, ili ujue umemshusha.

Habari ya Mocímboa ilipotufikia, kwamba watu wenye mapanga na bunduki wameingia mjini alfajiri, tulidhani ni jambo la siku moja. Halikuwa la siku moja. Vijiji vya kusini yetu vikaanza kuungua, kimoja baada ya kingine, vya Waislamu na vya Wakristo bila kuchagua. Sokoni watu waliacha kuzungumza kwa sauti. Pikipiki ikipita kwa kasi, kinamama waliacha vyungu motoni wakashika watoto. Wengi walihamia kulala mashambani, wakirudi mchana kupika, wakipika bila kuwasha moto mkubwa ili moshi usionekane. Wageni wa kapela waliondoka na magari yao. Tukabaki wachache kama zamani, na hata hao wachache walisali huku wanatazama mlango.

Ndipo akapita mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyenusurika katika kijiji kimoja karibu na Mocímboa. Alitusimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Alisema watu wa msituni, wale wenye mapanga, walipowakusanya uwanjani waliuliza kwanza: mkuu wa kijiji yuko wapi? Kisha wakauliza: anayewasalisha Wakristo ni nani?

Sikusikia aliyoyasema baada ya hapo. Nilitia mkono mfukoni nikaugusa ufunguo, na nilihisi kama kila mtu pale anaitazama suruali yangu. Siku zilizofuata niliuhamisha kutoka mfukoni kwenda kwenye mtungi wa unga, kutoka kwenye unga kwenda darini. Nilivua msalaba. Nilimwambia mke wangu asiniite tena jina la kanisani mbele za watu. Jani la mnazi likianguka uani nilikuwa nimeshasimama.

Na hapo, katika hofu ile, nikagundua unyenyekevu. Nacheka ninapoandika, lakini si cheko la furaha. Niligundua kwamba nilijikweza, kwamba mzee nilimwonea, kwamba mfuasi wa Kristo anapaswa kujishusha. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nimeyajua kwa muda mrefu bila kunisumbua. Nilitunga maneno mazuri, nikaenda kwake mchana. Alikuwa kibandani anamenya mihogo, na muadhini yuko pembeni anashona mkanda wa kandambili.

"Baba, nimetafakari," nikasema. "Nilikukosea. Nilikipenda cheo. Nimekuja kujishusha. Pokea ufunguo wako."

Muadhini hakuinua kichwa. "Sekretario, umekuja kutubu au umekuja kutua mzigo?"

"Mwache," Animadori akasema. "Amekuja."

Aliutazama ufunguo mkononi mwangu kwa muda mrefu. Nilitamani auchukue haraka. Kisu cha kumenyea kilikuwa kinagongagonga ungo, na nikaona ni mkono wake unaotetemeka. Alijua alichokuwa anapokea. Alisikia habari za yule mfanyabiashara kama mimi. Akafuta kiganja kwenye kikoi, akakifungua, akasema, "Weka hapa."

Nikauweka. Nikapumua. Nilipokuwa natoka nilimsikia nyuma yangu akianza kwa sauti ndogo, "Bwana, nipo. Naogopa." Sikugeuka.

Wiki hiyohiyo tuliondoka, mimi na mke wangu na wajukuu, kwa boti ya injini iliyopitia kisiwa cha Macaloe kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Dada yangu mkubwa, mjane aliyekuwa akikaa kwenye nyumba yangu, alikataa kuondoka. Alisema ana mihogo ardhini na magoti yake hayawezi boti. Nilimsihi mara moja. Kama ningemsihi mara ya pili ningechelewa boti, na sikumsihi mara ya pili.

Kijiji kilivamiwa baada ya muda si mrefu. Habari zilitufikia vipande vipande na kila kipande kilikanusha kingine. Dada amekufa, dada amevuka mto. Animadori wamemchukua, hapana, wamemkata. Mwaka mzima niliishi Pemba nikisali kwa maneno mazuri na kuamka nimeshika shuka. Nilijua kama amekufa, amekufa kwa swali lililokuwa langu kulijibu.

Kisha mtu akaniambia kwamba kwenye kambi moja ya watu waliokimbia vita, kusini ya Pemba, kuna mzee anayeimba vibaya sana.

Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mbele ya hema lililofunikwa turubai, amekaa kwenye kipande cha gogo. Amekonda, shingo imekuwa kama ya ndege, na mabega yake yalikuwa na makovu mapana ya kamba. Aliponiona aliinuka kwa shida. Nilikuwa nimekariri la kusema njia nzima. Nilitaka nimwambie kwamba siku ile kibandani sikuja kujishusha, nilikuja kujiokoa. Sikupata nafasi, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kulia.

"Ndugu yangu," akasema, "nisamehe."

"Mimi ndiye..."

"Ngoja. Kwanza dada yako yu hai. Walivuka mto pale Namoto, yeye na muadhini na wake zetu. Ndiyo habari ya mwisho niliyo nayo." Alinishika mkono. "Sasa nisikilize, maana hili nimelibeba tangu porini."

Akanisimulia. Walikuja mchana. Yeye alijificha nyuma ya kuni ndani ya kile kibanda cha jiko, amejikunja, suruali imelowa. Walimkamata muadhini uani, wakamwuliza nani anawasalisha Wakristo hapa. Muadhini akasema hajui. Wakampiga kwa ubapa wa panga. Akasema hajui. Wakampiga tena.

"Na mimi nyuma ya kuni nilikuwa na jina mdomoni," akasema. "Jina lako. Nilijiambia, huyu ameshaondoka, nikimtaja haumii. Na nilijua dada yako yumo nyumbani mwako. Nilijua wataenda pale. Bado nilitaka kukutaja. Nilifungua mdomo nikutaje, ndugu yangu."

"Ukasema nini?"

"Nilisema 'mimi'. Sijui ilikuwaje. Nilitoka nimesema 'mimi', na magoti yalikataa, nikatoka kwa kutambaa. Mmoja wao akacheka. Akasema, huyu ndiye mkubwa wao? Wakanifunga kamba, wakanibebesha mchele hadi porini. Nilipoanguka na kushindwa kuinuka, wakaniacha nife. Sikufa." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini nilitaka kukutaja. Nisamehe."

Angekuwa mtu mwingine ningedhani ananidhihaki. Macho yake yalinisubiri kwa hofu ileile ya mtu aliyekaa jikoni akisubiri kujua kama amefukuzwa.

"Nasubiri," akasema.

Nimeshasoma barua za msamaha hadharani, nimewapatanisha watu kwenye posto, nimehubiri juu ya msamaha kwa Kireno na kwa Kiswahili. Neno lile moja lilinitoka kama jino. "Nimekusamehe," nikamwambia, kwa sababu alilihitaji, na kwa sababu kumkatalia kungekuwa njia nyingine ya kujifanya mwema. Alipumua. Ndipo nikamwambia la kwangu. Lile lote nililokariri lilipotea, likabaki fupi: "Ufunguo nilikuletea kwa woga."

"Nilijua."

"Ulijua, ukapokea?"

"Mkono wako ulikuwa unatetemeka kuliko wangu." Akatabasamu, meno yamebaki machache. "Nilifurahi. Wakati wote ule nilidhani katika kapela nzima mwoga ni mimi peke yangu."

Nyuma ya mahema lori lilikuwa linashusha mabati, na lundo lote likaporomoka kwa mara moja. Mlio ule ulipasua kambi. Kinamama walipiga kelele, watoto wakakimbia bila kujua wanakokimbilia, na mimi na yeye tulikuwa chini, vifua mchangani, vichwa tumevifunika kwa mikono. Nilisikia meno yake yanagongana karibu na uso wangu.

Mtu alipaza sauti kwamba ni mabati tu. Watu wakaanza kuinuka, wengine wakicheka kwa aibu. Mimi nilijaribu kuinuka na miguu ikakataa. Nikamtazama yeye. Wala hakujaribu. Alikuwa amelala ubavu, mchanga kwenye mdomo, ameshanishika mkono wa shati.

"Usihangaike," akasema. "Chini tumeshafika. Tusali."